Mtama wa Dismasi Kiwanjani

Dismasi alikuwa akiisikia eropleni kabla ya mtu mwingine yeyote Kigoma kuisikia. Unaweza kumkuta amekaa mlangoni pa kibanda chake anamenya muhogo, ghafla anauweka chini, anageuza sikio upande wa Tabora na kusema, "Huyo anakuja." Wenzake wa ofisini walizoea kumcheka, kisha baada ya muda mlio unakuja kweli na kicheko kinawaishia mdomoni. Hapo Dismasi ameshatoka zamani. Debe kwapani, firimbi shingoni, yuko katikati ya kiwanja anatimua kila chenye mabawa na kila chenye kwato.

Ndiyo kazi iliyompa ugali tangu mwaka wa sitini na nne. Kwenye makaratasi aliandikwa mlinzi, ingawa ukitazama vizuri hapakuwa na cha kuibiwa pale: njia ya changarawe ya kurukia eropleni, mfuko wa upepo uliotoboka, ofisi ya vyumba viwili na kibanda chake. Alichokilinda ni njia yenyewe, isiingiliwe. Eropleni zilizokuja siku zile nyingi zilikuwa ndogo, za watu watano sita, na kwa kitu chepesi namna ile hata kunguru mmoja akiingia kwenye pangaboi ni msiba. Kulikuwa na mbuzi wa majirani wa mtaa wa Mwanga, ambao wenyewe walidai hawana habari nao mpaka mbuzi akamatwe. Kulikuwa na kanga wa porini wanaokimbia kwa miguu kama walioachwa na treni, na yangeyange wanaofuata panzi. Na kulikuwa na mwewe.

Mwewe Dismasi aliwajua kuliko alivyowajua baadhi ya ndugu zake. Asubuhi mitumbwi ikirudi Kibirizi na dagaa, mwewe wote wa mji wanashuka ufukweni kudokoa, na kiwanja kinabaki cheupe. Lakini mwezi ukijaa mambo hugeuka. Wavuvi hawatoki, maana karabai hazina kazi mbele ya mbalamwezi. Dagaa hakuna, na mwewe kwa njaa yao wanapanda kiwanjani kusaka panya. Kwa hiyo Dismasi aliichora miezi kwa chaki ukutani mwa kibanda, na rubani akimuuliza hali ya kiwanja humjibu, "Wiki hii mwewe wako kazini Kibirizi, njoo tu," au, "Mwezi umejaa, uje kwa adabu." Marubani wageni walidhani anatania. Wale wa zamani hawakutua bila kuuliza.

Pamoja na hayo yote, moyoni Dismasi alikuwa mtu wa jembe. Alizaliwa Heru Juu, milimani, na kwa miaka kumi ya mji alikuwa akijiambia kwamba uzee ukimkuta atarudi kwenye migomba ya baba yake. Mwaka wa sabini na nne ikaja barua ya mdogo wake: watu wote wamehamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zimebomolewa, shamba la mzee limebaki nyuma na nyasi. Dismasi aliikunja ile barua akaitia mfukoni, na wiki nzima alipiga debe kama mtu aliyegombana nalo. Mkewe Melania alimwangalia tu. Alijua kinachomuuma, na alijua hakuna dawa yake dukani.

Halafu, mwishoni mwa mwaka uleule, ikatangazwa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Kila shule, kila zahanati, kila ofisi iwe na shamba lake. Mkuu wa kiwanja, Bwana Hamdani, alikuwa mtu wa Ujiji hasa, babu yake mfanyabiashara, baba yake mfanyabiashara, na jembe alilifahamu kwa jina. Alimwita Dismasi ofisini akafunga na mlango.

"Dismasi, wewe si Muha wa milimani? Tufanyeje?"

"Ardhi si hiyo hapo, Bwana Hamdani," Dismasi alisema akionyesha dirishani, pande mbili za njia. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mimi kila siku naitazama imelala bure, roho inaniuma. Nipe mbegu tu."

"Hapo kando ya njia?"

"Hatua thelathini kutoka ukingoni. Eropleni haitajua."

Nani angekataa? Bwana Hamdani alishukuru Mungu kwa kumpa mtu wa namna hiyo, akaleta mbegu za mtama, maana mtama ndio uliokuwa ukisifiwa kila mkutano kuwa haujali ukame.

Asiyemwona Dismasi msimu ule hajui furaha ya mtu mzima ikoje. Alilima tangu alfajiri mpaka saa ya eropleni, akaacha jembe akashika debe, eropleni ikiondoka akarudi kwenye jembe. Alipalilia akiimba. Alinenepa, ingawa alikuwa anafanya kazi mara mbili. Mtama ukatoka sawasawa, mistari imenyooka kama ya daftari, na ulipofika kiunoni watu wa Mwanga walianza kupita Jumapili kuutazama. Kamati ya ukaguzi nayo ikapita, mbele yake Ndugu Nikodemu, mwenyekiti, mtu mrefu mwenye kalamu tatu mfukoni. Alizunguka shamba mara mbili. Mwisho akasema mbele ya watu wote kwamba ofisi itakayoshinda itasomwa jina, na aliyelima shamba mwenyewe atapewa ekari mbili za ardhi ya mto kule Ilagala, karibu na mdomo wa Malagarasi, ziwe zake na wanawe.

Ekari mbili! Usiku ule Dismasi hakulala vizuri, na Melania hakulala kabisa, kwa sababu mumewe alikuwa anamwamsha kumwambia watapanda nini wapi.

Shida ni kwamba mtama ukitoa vichwa, habari husambaa. Sijui ndege huambiana vipi. Mwezi wa nne ulipoingia, wakaja kweleakwelea, kwanza kundi la kufunika paa, baadaye kundi la kufunika jua. Wakaja njiwa. Kanga wa porini, ambao zamani walipita njia tu, sasa wakahamia jumla, wake kwa waume, wakalala humohumo katikati ya mashina. Na mwewe, walipoona chakula chao kimekusanyika mahali pamoja, wakaacha kujali Kibirizi ina dagaa au haina. Ile ratiba ya chaki ukutani ikawa pambo. Dismasi alipiga debe mpaka likatoboka, akaazima jingine. Alipuliza firimbi mpaka njegere ya ndani ikaruka ikapotea. Akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka akawa anaongea kama bata.

Jioni moja Melania alimletea uji kibandani, akasimama kuangalia lile wingu la kweleakwelea likiinuka huku na kushuka kule.

"Baba Agnesi, nikuulize kitu usikasirike?"

"Uliza."

"Umewaandalia ndege karamu, halafu unawapigia debe waondoke. Wewe ungeondoka?"

Dismasi hakukasirika. Alikunywa uji wake. Alisema zimebaki wiki tatu tu, mtama ukomae, avune, yaishe. Melania akaitikia, "Ego," yaani ndiyo, lakini ile "ego" ya Kiha unayompa mtu ambaye hujamkubalia.

Siku ya Jumatatu, mwezi umejaa, ikaja eropleni ya Feliksi. Feliksi alikuwa rubani kijana wa kutoka Bukoba, mcheshi, aliyekuwa akileta barua na dawa mara mbili kwa wiki katika eropleni ya pangaboi moja. Siku hiyo alikuwa amembeba Sista Verediana, muuguzi, na masanduku ya chanjo. Dismasi alitimua kiwanja mara ya kwanza, Feliksi akapita juu, hakuridhika, akazunguka. Dismasi akatimua tena. Eropleni ikashuka. Magurudumu yakiwa karibu kugusa changarawe, kundi la kanga likachomoka mtamani upande wa kushoto, likakimbilia mtamani upande wa kulia, na nusu yake likaamua kuruka.

Kikasikika kishindo kimoja. Eropleni ikagusa chini, ikayumba, ikaenda upande, ikasimama pua yake hatua chache tu kutoka kwenye mtama.

Mlango ulifunguka, Feliksi akateremka akiwa na damu juu ya nyusi na manyoya begani.

"Shikamoo, Mzee Dismasi," alisema. "Leo umenitupia kitoweo mezani kabisa."

"Marahaba," Dismasi alijibu, kwa sababu mdomo uliitika wenyewe.

Nyuma yake akashuka Sista Verediana, kofia imekaa upande, ameshika kanga aliyekufa kwa miguu. "Huyu ni wa nani?" aliuliza, akimnyoosha mbele, na mkono wake ulikuwa unatetemeka kiasi kwamba kanga naye alionekana bado mzima. Watu wakaangua kicheko, cha woga kile. Dismasi naye akacheka. Kisha akaenda kuichungulia eropleni kwa karibu.

Kioo cha mbele kilikuwa na tundu unaloweza kupitisha kichwa. Mgongo wa kiti cha rubani ulikuwa umechanika mahali hasa kinapokaa kichwa cha mtu, na vipande vya kioo vilikuwa vimechoma kitambaa.

"Ulikuwa wapi?" aliuliza Dismasi.

"Niliinama kutazama kipimo cha mafuta," Feliksi alisema. Sasa hakuwa anatania. "Kile kipimo hudanganya, basi huwa nakigonga kwa kidole. Nilikuwa nakigonga."

Dismasi akakaa chini palepale kwenye changarawe. Aliona aibu, na aliona hofu kubwa kuliko yoyote aliyowahi kuiona, na hakujua aanze na ipi.

Kioo kingine kilikuja kwa treni ya Tabora, na fundi wake. Feliksi alisema Alhamisi asubuhi lazima aruke: kuna mama wa Ilagala, Margareta, yuko hospitali, mimba yake imekaa vibaya na madaktari wameamua apelekwe hospitali kubwa zaidi. Na Alhamisi hiyohiyo, mchana, ndiyo siku ya kamati ya Ndugu Nikodemu kuja kutoa alama za mwisho.

Bwana Hamdani alimshika Dismasi mkono wakaenda pembeni.

"Siku tatu tu, ndugu yangu. Alhamisi asubuhi tutatoka wote, mimi na makarani, tutapiga madebe kumi. Eropleni itaruka. Mchana wanakuja, wanaandika, wanaondoka. Baada ya hapo fanya utakavyo, hata uuchome moto. Lakini sasa usiuguse. Ekari mbili hizo, Dismasi!"

Dismasi alitaka sana kumwamini. Kutwa nzima ya Jumanne alijihesabia: madebe kumi, watu kumi, eropleni moja. Hesabu ilikuwa inakubali. Jioni akapita kati ya mistari, akakivunja kichwa kimoja cha mtama, akabonyeza punje kwa ukucha. Ikatoa maziwa. Wiki mbili zaidi ingekuwa chakula. Akasimama pale mpaka jua likazama upande wa Kongo, na alichokuwa akikiona mbele yake ni kile kiti kilichochanika.

Jumatano alfajiri Melania aliamka akakuta mumewe ananoa mapanga, yote mawili.

"La pili la nani?" aliuliza.

"Lako, ukitaka."

Melania alijifunga kitenge kiunoni. Walianza mwisho wa kushoto, Dismasi akikata kwa hasira, kila shina pigo moja, mkewe nyuma yake akilaza. Walipomaliza mistari mitano Melania akasimama, akashika kiuno.

"Subiri kwanza. Ukiukata ukauacha hapa chini, si umewatandikia mkeka? Zamani walikuwa wanadoea wamesimama, sasa watakula wamekaa."

Ilikuwa kweli, na Dismasi, mlinzi wa ndege wa miaka kumi na moja, hakuwa ameiwaza. Mtama wote ulipaswa kutolewa uwanjani, mpaka jani la mwisho. Akaenda Mwanga, mlango kwa mlango, kwa wale wenye mbuzi aliowafukuza miaka yote, wengine amewahi kuwapeleka kwa balozi wa nyumba kumi. Aliwaambia kuna mtama wa bure wa kulisha mifugo, ila wajibebee leo hii. Wa kwanza alidhani ni mtego. Wa pili alikuja na mkokoteni. Ilipofika saa mbili asubuhi kiwanja kilikuwa na watu wengi kuliko siku ya sabasaba, wanakata, wanafunga, wanabeba, wanamtania Dismasi kwamba kumbe ana moyo.

Bwana Hamdani alipofika kazini alishuka kwenye baiskeli bila kuisimamisha.

"Dismasi! Umerukwa na akili? Si nilikwambia usiguse?"

"Uliniambia, Bwana Hamdani." Dismasi hakuacha kukata. "Kesho asubuhi kaa wewe kwenye kile kiti cha Feliksi. Ukikaa wewe, mimi nitauacha uliobaki."

Bwana Hamdani akaingia ofisini, akajifungia. Saa sita mchana akatoka, mikono ya shati ameikunja, akabeba tita la mtama begani na kulipeleka kwenye mkokoteni, akarudi kuchukua jingine. Mpaka jioni alikuwa na malengelenge kila kiganja na alimwonyesha kila aliyepita.

Alhamisi asubuhi njia ilikuwa nyeupe, pande zote ni visiki tu. Kweleakwelea walikuja, wakazunguka mara mbili juu ya mahali walipopajua, wakaondoka kuelekea bondeni. Mama Margareta aliletwa kwa machela. Mumewe Selestini, mvuvi, hakuwa na nafasi ndani ya eropleni. Alibaki amesimama kando ya Dismasi, ameshika viatu vya mkewe, hajui avipeleke wapi. Feliksi akawasha, akakimbia, akainuka bila kitu kumkatiza, akageuka juu ya ziwa na kupotea.

Selestini akauliza, ili aseme kitu tu, "Mzee, mbona mmeukata mtama mbichi?"

"Ulikaa vibaya," Dismasi alisema.

Mchana kamati ikafika. Ndugu Nikodemu alisimama mbele ya visiki, kalamu mkononi. Akauliza ni nani aliyefanya hujuma hii. Bwana Hamdani akakohoa, akatazama viganja vyake. Dismasi akasema ni yeye, na akaeleza yote, kanga, kioo, yule mama. Ndugu Nikodemu alisikiliza, hakuwa mtu mbaya, lakini fomu yake ilikuwa na nafasi ya ekari, hali ya zao na mavuno, haikuwa na nafasi ya kanga. Akaandika sifuri. Jumapili jina la Dismasi likasomwa mkutanoni, mwisho kabisa, kama mfano wa wanaorudisha nyuma kilimo, na ekari mbili za Ilagala zikaenda kwa mtunza bustani wa shule. Melania alikuwa ameketi mkutanoni pale na hakuinamisha kichwa.

Ingeweza kuishia hapo, na Dismasi mwenyewe alidhani imeishia. Lakini mtama ni mkaidi. Mvua za mwisho wa masika zilipopiga siku nne mfululizo, visiki vikachipua. Wiki ya tatu ya mwezi wa tano palikuwa kijani kushoto na kulia, mashina mawili matatu penye shina moja, mistari ileile iliyonyooka. Hujapata kuona mtama mzuri kama ule. Dismasi alitembea kati yake asubuhi moja na umande, akagusa majani, akarudi kibandani akachukua jembe. Safari hii panga lisingetosha. Ilibidi ung'olewe na mizizi.

Alikuwa kwenye mstari wa nne Ndugu Nikodemu aliposhuka kwenye baiskeli yake barabarani. Alikuwa anapita tu kwenda Ujiji, akaona kile kijani, uso ukamchanua. Akaja mbio mpaka katikati ya shamba.

"Ndugu Dismasi! Kumbe umerekebisha makosa! Hongera sana. Sikiliza, yule mtunza bustani wa shule amekataa kuhamia Ilagala, mkewe hataki mbu. Zile ekari bado zipo. Mimi nikiandika leo kwamba shamba limefufuka, kamati haitabisha. Acha hivihivi tu, miezi mitatu uvune."

Dismasi alisimama akaegemea jembe. Alitazama mistari iliyobaki, mingi, kijani mpaka mwisho wa kiwanja, na upande wa pili tena hivyohivyo. Midomo yake ilisogea kidogo, pengine alikuwa anahesabu. Kisha akainama, akapiga jembe chini ya shina lililofuata, akaling'oa, akalikung'uta udongo, akaliweka kwenye rundo.

Ndugu Nikodemu hakuelewa. Alimsogelea, akainama kumtazama usoni.

"Unalia, Dismasi?"

"Nalia," alisema, wala hakuuficha uso. "Sogea kidogo, Ndugu Mwenyekiti. Umekanyaga shina."